Wanafunzi Wangu Wote Wanajikohoza Kama Marehemu

Shangazi, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho, na ukiona pa kucheka, cheka, maana hata mimi hucheka, halafu naishia kukaa jikoni nimeshika kikombe kisicho na kitu. Nimeshaomba ushauri kwa watu wawili, mmoja akanipa jibu, mwingine akanipa jibu lililo kinyume chake, kwa hiyo nimeona nije kwako uwe wa tatu, kura zipate mshindi.

Mimi ni mwimbaji na pia nafundisha watu kuimba. Shule yangu iliishia ya msingi, baada ya hapo nikawekwa kwenye cherehani katika duka la fundi mmoja wa nguo, na huko ndiko nilikokuwa naimba, kwa sababu cherehani ikishika kasi mtu haoni aibu. Siku moja akaingia mwanamume mrefu mwenye kitana kwenye mfuko wa shati, ameshika suruali mkononi, akasimama pale kaunta asiseme neno mpaka nilipomaliza pindo na wimbo kwa pamoja, kisha akasema, "Dada, suruali hii ipunguze kiuno, na wewe uongeze pumzi." Nikamwambia kiuno napunguza leo, pumzi sijui inauzwa wapi. Akasema, "Kwangu. Njoo Jumamosi." Nikaenda Jumamosi, na Jumamosi nyingine, na suruali nikasahau kuipunguza, tukaoana nayo ikiwa bado inampwaya.

Alikuwa mwalimu wa sauti na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mimi, hata dada yake wa tumbo moja. Darasa lilikuwa sebule yetu: kinanda ambacho noti yake ya fa ya katikati haitoki mpaka uibonyeze mara mbili, kioo kilichong'olewa kwenye kabati la nguo ili mwanafunzi auone mdomo wake, kiti kimoja tu ambacho alikiita kiti cha mvivu, na kando ya mlango ukuta alioandika kwa penseli tarehe ambayo kila mwanafunzi aliifikia do ya juu kwa mara ya kwanza. Tarehe yangu iko chini kabisa, imekaribia kufutwa na ufagio. Mimi alinilaza sakafuni, akaniwekea sufuria tupu yenye mfuniko tumboni, akaniambia niipandishe na kuishusha kwa pumzi bila mfuniko kulia. Mfuniko ukilia alisema, "Umejisifu. Pumzi kwanza, majivuno baadaye." Kwa sufuria hiyo hiyo nikatoka kwenye cherehani nikaanza kuimba harusini, kisha hotelini Jumapili mchana watu wakiwa wanakula, ambako nilijifunza kwamba umeimba vizuri siku mtu akisahau kijiko mdomoni.

Sasa Shangazi, kisa chenyewe. Miaka miwili ya mwisho ya maisha yake Mwalimu alianza jambo ambalo zamani hakulifanya. Kila alipotaka kumwonyesha mwanafunzi jinsi ya kuanza wimbo alijikohoza kwanza, ehem, fupi, yenye mwinuko mdogo mwishoni kama mtu anayeuliza swali dogo, halafu ndipo sauti ilipotoka. Mwanafunzi mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, mwenye sauti nzito mpaka vikombe vyangu hutetemeka kabatini, akamwuliza, "Mwalimu, na hiyo nayo ni sehemu ya somo?" Mwalimu akamtazama, akacheka, akasema, "Hiyo ndiyo hodi. Sauti ni nyumba ya watu, mzee mwenzangu, huingii bila kubisha." Dereva akaiandika kwenye daftari. Wote wakaiandika. Kuanzia siku hiyo kila aliyefungua mdomo sebuleni kwetu alipiga hodi kwanza. Mimi peke yangu ndiye ambaye sikuifanya, mpaka leo nikiimba siifanyi, kwa sababu nilifundishwa zamani kabla hajaianzisha, na nakuambia ukweli nilimwonea wivu yule dereva, nikaona mume wangu amenibania siri iliyo bora akampa mtu wa lori.

Mwalimu alifariki mwaka jana. Hospitali walimkuta na uvimbe kooni, na kuanzia siku waliyotuambia mpaka siku tuliyomzika haikutimia miezi mitano. Siwezi kuandika zaidi hapo, ila kwamba mwishoni alikuwa anaongea kwa vipande vya karatasi, na karatasi ya mwisho aliyonipa ilisema, "Dereva bado anainua mabega," nikaelewa kwamba ananiachia darasa.

Nikaliendeleza. Nilidhani wanafunzi watakimbia, lakini walikuja, na wapya wakaongezeka, mmoja wao msusi tunayemwita Kasuku kwa sababu ukimwimbia kitu mara moja anakurudishia pamoja na mafua yako. Kasuku hakuwahi kumwona Mwalimu akiwa hai. Wiki yake ya pili akasimama mbele ya kioo akasema ehem, ile ile kabisa, na mwinuko wake mwishoni, ameichukua kwa dereva naye dereva aliichukua kwa mwenyewe. Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini polepole kama mtu anayeweka yai.

Mwezi uliopita kwaya kubwa ya mji ikafanya usaili, na majaji hukaa nyuma ya pazia ili wasimpendelee mtu kwa sura wala kwa ukoo. Wanafunzi wangu wanne wakaenda, wamechanganywa na watu wengine. Wa kwanza akasimama, ehem, akaimba. Wa pili, muuguzi, ehem, akaimba. Alipofika Kasuku akapiga hodi yake, sauti ikatoka nyuma ya pazia, "Karibu!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko, na jaji mwingine akasema, "Huyu naye ni wa nyumba ile ile." Dereva alikuwa wa mwisho, maskini, na kwa kuwa alishajua wanachekea nini akajaribu kuibana, ikamtoka kubwa kuliko zote mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi.

Mmoja wa majaji wale alikuwa mkuu wa chuo cha muziki, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba. Siku ya pili alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kiti cha mvivu bila kukaribishwa, akasema, "Jana nimesikiliza watu sitini na mmoja. Wanaojua kupumua ni wanne, na wote wanne wametoka kwenye chumba hiki. Nani amewafundisha?"

Nikasema, "Mume wangu. Na mimi."

"Mume wako nimesikia, pole sana. Wewe nakuhitaji. Nina nafasi ya mwalimu wa sauti. Cheti najua huna, sikio lako litakuwa cheti. Njoo Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao na wanafunzi watatu, uwafundishe mbele yetu nusu saa. Lakini ile ehem sitaki kuisikia hata moja. Inakwaruza koo, na inamwambia msikilizaji kwamba mwimbaji anaogopa kuanza. Nikiisikia nitajua mwalimu wao hana sikio, au analo na ameliziba."

Shangazi, mimi niliyeanza na pindo za suruali, niwe mwalimu wa chuo, chumba chenye piano ambayo fa yake inatoka mara ya kwanza, na mlango ulioandikwa jina langu! Mwalimu mwenyewe aliiomba kazi ile mara mbili asiipate. Nilipaswa kuruka mpaka dari. Badala yake nilimsindikiza yule mama mpaka barabarani, nikarudi nikafuta kinanda vumbi ambalo halikuwepo.

Jumatatu nikajikaza. Nikawaambia wanafunzi, leo tunaacha hodi, mtu avute pumzi aanze. Dereva akasimama, akavuta, akaanza, na ilikuwa safi, safi kabisa, na chumba kikawa kitupu mpaka nikamsikia fundi wa kuchomelea jirani yetu akizima mashine yake. Nikamwambia dereva, "Hapana, siyo hivyo. Rudia." Akanitazama, akarudia na ehem. Nikasema, "Vizuri sana."

Na hilo silo baya zaidi. Baya zaidi ni hili ambalo sijamwambia mtu. Kwa miezi sasa nimekuwa nikiwakatiza wanafunzi katikati ya wimbo, nasema shingo imekaza, au mdomo haujafunguka, hata kama shingo imelegea na mdomo umefunguka kama mlango wa ghala, ili tu waanze upya, kwa sababu wakianza upya nitaisikia tena. Juzi Kasuku ameanza mara kumi na moja. Wimbo hajaumaliza mpaka leo.

Siku hiyo ya juzi muuguzi alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Akaniambia, "Mama, ile haikuwa mbinu. Ni koo lake lilikuwa linaziba. Nilimwambia akapime. Akanijibu, 'Muuguzi, hapa huimbwa, hapapimwi.'" Nilimwambia asante, nikamfungulia mlango. Shangazi, mimi nina sikio linalosikia kinanda kikishuka hata unywele mmoja, na kikohozi kilichokuwa kinamuua mume wangu nilikisikia miaka miwili, nikakisifu, nikakionea na wivu.

Yupo pia wifi yangu, dada yake Mwalimu, ambaye huja kila Jumatano kunisaidia jikoni, na ukweli huja kusikiliza darasa kupitia ukuta. Nilipomweleza habari ya chuo aliweka kisu chini. "Ukiifuta hiyo, wifi, umemfungia kaka yangu mlango mara ya pili."

"Na kazi je?"

"Kazi ni kazi na kaka ni kaka. Wewe ulimpata kwa suruali, mimi nimezaliwa naye."

"Suruali yenyewe ninayo, wifi, nikupe?"

"Nipe na hiyo!" Tukacheka wote wawili, halafu yeye akalia, akasingizia vitunguu, na alichokuwa anamenya ni viazi.

Ninayo kanda ya zamani, ya mwaka tuliooana, Mwalimu anamfundisha mtu kutoka mi kwenda sol. Sikuwahi kuipenda sana kwa sababu humo hamna ehem, unasikia pumzi tu ikiingia, kama mtu anayevuta pazia taratibu asimwamshe mgeni, kisha sauti. Tangu azikwe nimeisikiliza mara moja. Nilimtafuta humo nisimwone.

Ijumaa yenyewe zimebaki siku kumi na nane. Nifanyeje? Niikatae kazi nibaki na hodi yangu, au niwasafishe wanafunzi makoo nibaki na nyumba iliyonyamaza? Naomba tu usiniambie kwamba muda utaponya, nimeshaambiwa hivyo na watu kama thelathini, na mmoja wao alikuwa anatafuna.

Ni mimi mwanao,
Mjane wa Kinanda Kibovu

Jibu la Shangazi

Marahaba, Mjane wa Kinanda Kibovu. Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Nilipofika kwenye kipaza sauti kilichopiga mluzi, mwenzangu wa meza ya pili hapa ofisini akaniuliza kuna nini, nikamsomea kwa sauti tangu mwanzo, naye akacheka, tukaendelea hivyo mpaka kwenye kile kipande cha karatasi na mabega ya dereva. Hapo akainuka akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Kwa hiyo ujue umesomwa na watu wawili.

Sasa kaa vizuri nikukaripie, maana umeandika kwa shangazi, na shangazi asiyekaripia ni jirani tu.

Kasuku ameanza mara kumi na moja! Binti wa watu kasimama tangu asubuhi anasuka vichwa vya watu, vidole vinamuuma, amejitoa amekuja kwako ajifunze kuimba, nawe unamgeuza redio ya kumsikilizia marehemu. Unambonyeza, analia ehem, unamzima, unambonyeza tena. Na yule mzee wa lori amekuimbia vizuri ukamwambia amekosea, akakosea ukamwambia vizuri sana. Mwanangu, huzuni ni yako na hakuna wa kukunyang'anya, lakini koo ni la dereva. Mwalimu wa sauti akianza kumdanganya mwanafunzi kuhusu sauti yake mwenyewe, hapo amebaki na nini cha kufundisha? Utawaomba radhi. Radhi yenyewe nitakuambia utaiombaje, tulia.

Hilo la pili, la muuguzi, sikukaripii. Unasema ulisikia kikohozi kinachomuua mumeo ukakisifu. Wewe ulisikia hodi, kwa sababu mwenyewe alikuambia ni hodi. Mtu mzima, aliyelijua koo kama wewe unavyoijua sindano, kaambiwa na muuguzi akapime, akajibu kwa mzaha na darasa likaendelea. Alijua, au aliogopa kujua, akalificha jambo lake mbele ya watu wenye madaftari, na wao wakaliandika! Nimefanya kazi hii ya kusoma siri za watu miaka mingi, sijaona maficho mazuri kama hayo. Wewe hukuliziba sikio lako, alikuzibia yeye. Mkasirikie kidogo. Inaruhusiwa. Waume wakifa hawawi malaika siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kwa mumeo walipatia nusu, maana kikohozi alikificha vizuri sana. Mapenzi ndiyo yaliyomshinda kuficha. Mtu amebakiwa na kipande kimoja cha karatasi duniani, angeweza kuandika anachotaka, akaandika kuhusu mabega ya dereva, kwa sababu alijua ukiwa na kazi ya kufanya kesho yake utaamka kitandani.

Halafu nikurudishe kwenye barua yako mwenyewe, mahali ulipopita mbio kama mtu anayevuka barabara. Unasema wewe peke yako hujikohozi, na ukaona wivu kwamba umebaniwa. Hebu hesabu miaka, mwanangu. Wewe ulilazwa sakafuni na sufuria tumboni wakati koo la mwalimu wako ni zima. Dereva na wenzake walimkuta anaumwa. Walichokipata wao na wewe ukakikosa ni ugonjwa wake! Ulichokipata wewe ni yeye mwenyewe, kabla hakijamgusa kitu. Na ile kanda usiyoipenda, ile pumzi inayoingia kama pazia, umeisikiliza kama mjane. Isikilize kama mwalimu. Chukua simu, jirekodi ukiimba hivyo hivyo, kutoka mi kwenda sol, mara moja tu, kisha isikilize kanda na simu kwa kufuatana. Mimi si mwanamuziki, naimba bafuni na hata maji hukatika, lakini birika langu hili jipya naliweka rehani kwamba utasikia mtu mmoja anavuta pumzi mara mbili. Umehangaika kumtafuta kwenye makoo ya watu, na kila Jumapili mchana humpeleka hotelini akasahaulisha watu vijiko.

Na yule mama wa miwani ya kamba, umemsikiliza vizuri? Ehem ilimchekesha. Kilichomtoa kwake akaja kukalia kiti cha mvivu ni pumzi. Watu sitini na mmoja, na wanaojua kupumua wanne. Hiyo ndiyo kazi ya Mwalimu wako na kazi yako, na imesikika kupitia pazia. Sasa wewe unataka kuikataa kazi aliyoikosa mara mbili, ili uhifadhi kitu ambacho yeye mwenyewe, angekuwa mzima, angemkataza dereva siku ya kwanza na kumwambia, "Mzee mwenzangu, kwani unakuja kuimba au kutema?"

Utaenda Ijumaa hiyo. Hilo limekwisha, tusilirudie.

Kabla ya hapo waite wanafunzi wote siku moja. Waambie ukweli kwa maneno machache: Mwalimu alikuwa anaumwa, hatukujua, tukamwiga, na mimi nimewazuia kuacha kwa sababu zangu. Usitoe hotuba, na ukilia ulie wakiwepo, si watoto wale. Kisha mwache Kasuku aimbe wimbo wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata akiharibu, hata akikaza shingo kweli, na wewe ukae kwenye kiti cha mvivu mikono mapajani, usiguse kitu. Hiyo ndiyo radhi yake. Ya dereva ni kumwambia kwamba ile Jumatatu alikuwa amepatia.

Baada ya hapo toa sufuria. Sijui kwa nini kwenye barua yako sufuria iko kwako tu na wanafunzi wako hawaijui. Walazwe sakafuni mmoja mmoja, na wifi yako atolewe kule nyuma ya ukuta aje asikilize mifuniko. Mfuniko ukilia, yeye ndiye wa kusema, "Umejisifu." Mtu anayelilia viazi anahitaji kazi, na hakuna atakayemwiga kaka yake vizuri kuliko aliyezaliwa naye. Suruali mpe pia. Ameiomba kwa mzaha, lakini ameiomba.

Sasa hodi yenyewe. Sitakuambia uizike, umezika vya kutosha. Mumeo alisema mtu haingii nyumba ya watu bila kubisha, na hapo, mzaha au si mzaha, alisema kweli. Kosa lenu ni mahali. Nani hupiga hodi akiwa ameshaingia, ameshakaa, ameshapewa na chai? Hodi hupigwa nje. Basi ihamishe. Kuanzia wiki ijayo mwanafunzi akifika kwako asigonge, wala asipige simu kusema nipo hapa nje. Asimame mlangoni ajikohoze, mara moja, na ule mwinuko mdogo mwishoni, wewe uitikie karibu. Mara moja haimkwaruzi mtu koo, na ukiwa na wasiwasi muulize muuguzi, huyo sasa tumejua husema kweli. Akishavuka kizingiti, hodi imeshapigwa na imeshaitikiwa. Ndani ni pumzi, kisha sauti. Na kwenye ukuta wa penseli mwandikie kila mmoja tarehe aliyoanza wimbo bila ehem, pembeni ya do yake ya juu. Tarehe yako mwenyewe ipitie tena kwa penseli, na ufagio uupe adabu.

Ukipata kile chumba cha chuo na mlango ulioandikwa jina lako, sheria iwe hiyo hiyo. Mkuu akishangaa kwa nini watu wanakohoa kwenye ukumbi wake, mwambie ni adabu ya nyumba uliyotoka.

Kisha iko siku, mwanangu, utakuwa jikoni, mikono ina unga, umesahau kabisa kama kuna darasa, na utaisikia pale nje, ehem, na mwinuko wake, na kwa muda wa kufumba jicho utadhani amesahau ufunguo. Usijilaumu. Futa mikono, nenda kafungue. Atakuwa dereva, ameinua mabega. Anzia hapo.